Harusi Ilikuwa na Kamati, Ndoa Je?

Alizeti, kuku na nyumba: mbinu tatu za kupanga miradi ambazo wewe na mwenzi wako mnaweza kuanza nazo wiki hii

Hebu kumbuka harusi ya mwisho uliyochangia. Kulikuwa na mwenyekiti, katibu na mhazini. Kadi za mchango ziligawiwa miezi kadhaa kabla. Vikao vilikuwa kila wiki, na kulikuwa na kamati ndogo ya chakula, ya vinywaji, ya usafiri na ya mapambo. Daftari la ahadi lilionyesha nani kaahidi, nani kalipa na nani hapokei simu. Bajeti ilisomwa, ikapunguzwa, ikasomwa tena. Siku ikafika, ubwabwa ukalika na watu wakacheza hadi usiku wa manane.

Hakuna aliyeyaita mambo yale "usimamizi wa miradi", lakini ndivyo yalivyokuwa. Kulikuwa na lengo moja, tarehe isiyosogezwa, bajeti, watu wenye majukumu yao na mtu wa kufuatilia. Kwa hiyo usiseme hujui kupanga. Unajua, tena vizuri sana.

Tatizo linaanza baada ya hapo. Kamati inavunjwa, maharusi wanarudi nyumbani, na sasa ndipo miradi yenyewe inaanza: kununua kiwanja, kulima, kufuga, kujenga. Hapo hakuna katibu wala mhazini. Mume ana mpango wake kichwani na mke ana wake moyoni. Mke akiuza kuku anataka kununua kabati, kumbe mume alishamwahidi fundi hela hiyo hiyo. Wanakasirikiana, na kila mmoja anaamini mwenzake ni mbinafsi, wakati ukweli ni kwamba hawajawahi kukaa wakapanga.

Makala hii inahusu kukaa na kupanga. Tumeipeleka Singida, na utaona sababu yake sasa hivi.

KALENDA YA SINGIDA HAINA MCHEZO

Mkoa wa Singida ni eneo kame kiasi, lenye msimu mmoja tu wa mvua, ambao kwa kawaida huanza Novemba au Desemba na kuisha Aprili. Ndugu zetu wa Bukoba na Moshi wana vuli na masika, kwa hiyo wakikosea mvua moja wanaweza kujitetea kwenye nyingine. Singida ukikosea Desemba, unasubiri mwaka mzima. Ni mahali ambapo mpango mbovu unaonekana haraka, na mpango mzuri pia.

Halafu pita barabara kuu kutoka Dodoma hadi Singida mjini. Utaona madumu ya mafuta ya alizeti yamepangwa kando ya barabara, utaona kuku wa kienyeji wanauzwa, na utaona nyumba za tofali za kuchoma zilizosimama kwenye lenta zikisubiri paa. Vitu hivyo vitatu ndivyo vinavyobeba familia nyingi za pale.

Basi tuchukue mfano wa mume na mke wa Ikungi. Mume anaendesha bodaboda, mke ana genge la vyakula. Wana ekari mbili, kuku kumi na kiwanja kimoja. Wanapendana, tena sana, ila kila wakigusa habari ya hela chakula kinapoa mezani. Wafanyeje?

ANZENI NA MLICHONACHO

Kabla ya mbinu yoyote, kuna hatua moja ambayo huenda umeiona kijijini kwenu bila kuitilia maanani. Tangu miaka ya mwanzo ya 2000, serikali kupitia TAMISEMI imekuwa ikivipangisha vijiji kwa mbinu inayoitwa Fursa na Vikwazo kwa Maendeleo. Wazo lake ni rahisi. Badala ya wanakijiji kukutana na kuorodhesha matatizo tu, mpaka mkutano unaisha kila mtu amekata tamaa, wanaanza kwa kuorodhesha walichonacho: ardhi, maji, watu wenye ujuzi, barabara, soko. Vikwazo vinafuata baadaye.

Fanyeni hivyo hivyo nyumbani. Kila mmoja achukue karatasi yake, aandike peke yake kwa dakika kumi: tuna nini, na nini kinatukwamisha? Kisha badilishaneni karatasi. Msisomane kwa sauti ya hakimu. Mke wa Ikungi anaweza kugundua kwamba mumewe hakuandika genge popote, kana kwamba hela ya mboga ya kila siku inashuka kutoka mbinguni. Mume naye anaweza kugundua kwamba kwenye karatasi ya mkewe kikwazo namba moja ni "ndugu wanaoomba hela bila taarifa". Afadhali hayo yajulikane mezani kuliko yajulikane shamba likiwa limeshalimwa nusu.

MRADI WA KWANZA: ALIZETI, HATUA KWA HATUA

Mbinu ya kwanza ni ya hatua kwa hatua. Maliza ya kwanza, nenda ya pili, usirudi nyuma. Wataalamu huifananisha na maporomoko ya maji, maana maji yakishashuka hayapandi tena. Mchoro wake unaotajwa sana ulichapishwa mwaka 1970 na Mmarekani Winston Royce, aliyekuwa akizungumzia utengenezaji wa programu kubwa za kompyuta. Cha kuchekesha ni kwamba Royce mwenyewe alionya kuwa kuifuata njia hiyo kavu kavu ni hatari, kwa sababu makosa yanaonekana mwishoni, wakati kuyarekebisha ni gharama.

Lakini kwa alizeti huna namna nyingine. Huwezi kupanda kabla ya kulima, na mbegu iliyokwisha kuota huirudishi dukani. Kwa kazi ya aina hii ujanja ni kupanga kwa kuanzia mwisho:

• Alizeti hukomaa kwa miezi mitatu hadi minne, kutegemea mbegu. Mkitaka ifuate mvua vizuri, mbegu iwe ardhini Desemba au mwanzoni mwa Januari.

• Kwa hiyo shamba liwe limetayarishwa kufikia Novemba.

• Kwa hiyo hela ya mbegu na ya kulimia iwe mkononi Septemba au Oktoba.

Umeona? Hatari ya shamba la alizeti haiko Desemba, iko Septemba, miezi mingi tangu mavuno, wakati hela imeshalika na kadi za harusi za watu wengine zimejaa juu ya friji. Mazungumzo ya Novemba yanajulikana:

"Mama watoto, ile hela ya mbegu iko wapi?"

"Baba watoto, si wewe uliyesema mwezi wa nane tumtumie shemeji?"

Hakuna mwizi hapo. Kilichokosekana ni mstari mmoja kwenye daftari: hela ya mbegu, kiasi fulani, inakaa kwa nani, haiguswi mpaka tarehe fulani. Kama mpo kwenye VICOBA, iwekeni huko. Mkiwa na akaunti ya simu, wekeni kwenye laini ambayo haibebi matumizi ya kila siku.

Kwenye daftari hilo hilo andikeni pia kiwango cha kazi, si jina la kazi tu. "Kupanda" peke yake haitoshi. Nafasi inayoshauriwa kwa kawaida ni sentimita 75 kati ya mstari na mstari na sentimita 30 kati ya shimo na shimo. Ukiandika hivyo, kibarua akimwaga mbegu ovyo mnajua nyote wawili kwamba kazi haijaisha.

Na kabla ya kuvuna, amueni mavuno yataendaje. Magunia mangapi yatauzwa papo hapo kulipa madeni? Mangapi yatasubiri bei ipande? Mangapi yatakamuliwa, mafuta yabaki nyumbani na mashudu yaende kwa kuku? Ugomvi mwingi wa mwezi wa sita unatokana na swali hili kuulizwa mnunuzi akiwa tayari uani na mizani yake.

MRADI WA PILI: KUKU, KIDOGO KIDOGO

Kuku ni habari nyingine. Mbinu ya alizeti ukiihamishia bandani utaumia.

Februari 2001, watengenezaji wa programu za kompyuta 17 walikutana kwenye hoteli ya mlimani huko Snowbird, jimbo la Utah, Marekani. Walikuwa wamechoka na mipango ya mamia ya kurasa ambayo ikifika mwisho mteja anasema, "Mbona si hiki nilichotaka?" Wakaandika tamko fupi. Kiini chake ni hiki: fanya sehemu ndogo, mwonyeshe mwenye nayo, jifunze, rekebisha, endelea. Thamini watu na mazungumzo kuliko makaratasi. Kwa Kiingereza njia hii inajulikana kama Agile, na leo inatumika hata nje ya kompyuta.

Mama mfugaji wa Iramba angewaambia kwamba hilo analijua. Kuku wenyewe wanakwenda kwa awamu. Yai linaatamiwa siku 21. Chanjo ya mdondo ya matone ya jicho hurudiwa kila baada ya miezi mitatu. Basi hiyo miezi mitatu ndiyo iwe awamu yenu. Mwisho wa kila awamu hesabuni vitu vinne: mayai yaliyoatamiwa, vifaranga vilivyotoka, vilivyo hai, na hela iliyoingia.

Halafu badilisheni jambo moja tu. Awamu ya kwanza mwewe kabeba vifaranga? Awamu ya pili vifaranga vikae ndani ya tenga kwa wiki za mwanzo. Mdondo umepita? Awamu ijayo chanjeni kwa tarehe, na mwambieni jirani naye achanje, maana kuku wake na wako wanakula jalala moja. Mkibadilisha mambo matano kwa mpigo hamtajua lipi limesaidia.

Hapa kuna kishawishi kikubwa. Mtu anasikia kuku wa Singida wanatakiwa Dar es Salaam, anachukua mkopo, anajenga banda la kuku 500 wakati hajawahi kulea 50. Dada yangu, kaka yangu, subiri kidogo. Tuna mfano wa jambo hilo hapa hapa kanda ya kati, upande wa pili wa Dodoma, wilayani Kongwa.

Baada ya Vita Kuu ya Pili, Uingereza ilikuwa na uhaba wa mafuta ya kula. Mwaka 1946 ujumbe wa wataalamu ulizunguka kwa wiki tisa hivi ukapendekeza kulima karanga, na serikali ya Uingereza ikaidhinisha mpango wa ekari zaidi ya milioni tatu, sehemu kubwa yake ikiwa Tanganyika, kwa gharama ya pauni milioni 25 hivi. Kazi ikaanza Kongwa mwaka 1947. Hawakuanza na shamba la majaribio. Matrekta yaliyokuwa yametumika yakaletwa, mengi yakaharibika kwenye vichaka. Mvua haikuaminika, na udongo wa pale ukikauka unakuwa mgumu kama saruji, karanga zikawa hazichimbiki. Mwaka wa kwanza walilenga ekari 150,000, wakafyeka sehemu ndogo tu. Januari 1951 serikali ya Uingereza ikauacha mpango huo, na hasara iliyofutwa ilikuwa pauni milioni 36 hivi.

Watu wale hawakuwa wajinga. Walikuwa na ramani, bajeti na wataalamu. Walichokosa ni awamu ndogo ya kuwaambia udongo ukoje kabla hela yote haijazama. Banda la kuku kumi ndilo linalokuambia hayo kwa bei nafuu.

MRADI WA TATU: NYUMBA, ANGALIA KAMBA NDEFU

Zamani Wanyaturu walijenga tembe, nyumba ya paa la udongo lililo bapa, na kazi ilikuwa ya ukoo na majirani. Siku hizi ni tofali, saruji na bati, na fundi anataka hela yake.

Mwaka 1957 kampuni ya kemikali ya DuPont ya Marekani ilikuwa inatafuta namna ya kupunguza muda unaopotea kwenye ujenzi na matengenezo ya viwanda vyake. Wataalamu wake pamoja na wale wa Remington Rand wakabuni hesabu ya kutafuta mfululizo mrefu zaidi wa kazi zinazotegemeana. Mfululizo huo ndio unaoamua mradi utaisha lini. Kazi iliyo kwenye kamba hiyo ikichelewa siku moja, mradi wote umechelewa siku moja. Kazi iliyo nje ya kamba inaweza kusubiri kwa kiasi bila kuuchelewesha mradi.

Kwa nyumba ya Ikungi kamba ndefu iko hivi. Tofali hufyatuliwa Mei na Juni, wakati maji bado yapo malamboni. Zinaanikwa, zinapangwa tanuri, zinachomwa. Msingi, kisha ukuta, kisha lenta, ambayo zege lake linatakiwa kumwagiliwa maji angalau wiki nzima. Baada ya hapo kupaua na bati, na bati iwe juu kabla ya mvua ya Desemba. Mkichelewa kufyatua, mkaanza Agosti, mtakuta mnanunua maji kwa madumu, na Desemba ukuta utanyeshewa ukiwa wazi.

Milango, dari, rangi na vigae haviko kwenye kamba. Vinasubiri. Sasa angalia hela za wanandoa wengi zinaenda wapi. Mume ameona geti la chuma kwa rafiki yake, analipa malipo ya awali mwezi wa saba. Mke kapenda vigae, kavinunua kwa bei ya punguzo, vipo chini ya kitanda. Nyumba haina bati. Kila mmoja ana risiti mkononi na kila mmoja ameudhika kwa nini mwenzake "hajali nyumba". Wote wanajali, ila hela ya bati imelala kwenye geti na vigae.

Kwa hiyo kubalianeni jambo moja: mpaka bati ipande, hakuna shilingi inayotoka nje ya kamba bila sahihi mbili.

HELA YAKO, HELA YANGU, JINA LA NANI?

Hapa ndipo wengi tunaona haya kugusa. Mume akinunua tofali na mke akalisha familia kwa miaka minne ya ujenzi, nyumba ni ya nani?

Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 inasema, kifungu cha 59, kwamba nyumba ya ndoa haiwezi kuuzwa, kuwekwa rehani, kupangishwa wala kutolewa zawadi na mwanandoa mmoja bila ridhaa ya mwenzake. Kifungu cha 114 kinaipa mahakama uwezo wa kugawa mali iliyochumwa kwa juhudi za pamoja ndoa inapovunjika. Na mwaka 1983, katika kesi ya Bi Hawa Mohamed dhidi ya Ally Sefu, Mahakama ya Rufani ilitamka kwamba kazi za nyumbani ni mchango katika kuchuma mali ya familia, ingawa katika kesi hiyo ilionekana Bi Hawa alikuwa ameshapata sehemu yake.

Hatusemi haya ili mpangie talaka. Tunayasema kwa sababu mtu anayejua kwamba mchango wake umeandikwa hafichi hela. Mwanamke anayeficha hela kwa shoga yake mara nyingi anafanya hivyo kwa sababu haoni jina lake popote. Hati inaweza kubeba majina ya wote wawili, hata hati ya hakimiliki ya kimila kijijini. Ulizeni ofisi ya kijiji au ya ardhi kabla hamjamwaga msingi. Na kwenye daftari lenu wekeni safu mbili za mchango: wa hela na wa kazi. Kupika chakula cha mafundi kwa wiki sita ni kazi, iandikwe.

KIKAO CHA NUSU SAA

Sasa turudishe kamati, ila ya watu wawili. Jumapili moja kila mwezi, nusu saa, simu zikiwa mbali na watoto wakiwa nje.

Chukueni kipande cha ubao au karatasi kubwa, chora safu tatu: Ya Kufanya, Inafanyika, Imeisha. Ni wazo la viwanda vya magari vya Toyota huko Japani, ambako kadi zilitumika kuonyesha kazi ipi inahitajika sasa. Kila kazi iandikwe kwenye karatasi ndogo, yenye jina la mtu mmoja. Safu ya katikati isizidi karatasi tatu. Mkitaka kuanza la nne, malizeni moja kwanza.

Halafu jibuni haya, kwa zamu:

1. Nini kimeisha tangu tulipokaa mara ya mwisho?

2. Nini kimekwama, na kinahitaji nini? Usiulize "kwa nini hukufanya". Uliza "kinahitaji nini".

3. Hela ya mradi ni kiasi gani leo, na iko kwa nani?

4. Kuna jambo lolote la ukoo linalokuja, msiba, ada au harusi, ambalo litagusa hela hii?

5. Tuache nini?

Swali la tano lisirukwe. Kama ekari ya pili ya alizeti imekula hela miaka mitatu mfululizo, ruhusuni mmoja wenu aseme iachwe bila kuitwa mkata tamaa. Na kama mnabishana, anayeamua ni yule ambaye jina lake liko kwenye karatasi ya kazi hiyo. Mwenzake ana haki ya kusikilizwa, siyo ya kwenda kumpigia fundi simu pembeni.

Mume na mke wetu wa Ikungi wakianza Jumapili hii, hawatakuwa matajiri ifikapo krismasi. Ila Septemba ikifika watajua hela ya mbegu iko kwa nani, na chakula kitaliwa kikiwa cha moto. Na wewe msomaji wangu, tafuta daftari. Lile la ahadi za harusi yenu kama bado lipo, lina kurasa nyingi tupu nyuma. Kila la heri!